Taka za Mwili Zinatokaje?

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, mpishi anazoa majivu ya jana. Asipoyazoa siku mbili tatu, majivu yanajaa kati ya mafiga. Hewa haipiti, na moto unafifia hata kama kuni ni kavu.

Ndugu msomaji, mwili wako unafanana na jiko hilo. Chakula ni kuni. Mwili unakichoma polepole, bila mwali wa moto, ili upate nguvu za kulima, kutembea na kufikiri. Lakini moto huu nao una moshi wake na majivu yake. Moshi na majivu hayo huitwa takamwili. Zisipotolewa, mtu hufa. Hafi kwa njaa wala kwa kiu. Hufa kwa sumu ya taka zake mwenyewe.

Katika somo hili tutaona jinsi taka hizo zinavyotoka katika mwili wa mtu, wa kuku, wa samaki, na hata katika mti. Baadhi ya maneno tutakayotumia hayasemwi mbele ya wakwe. Lakini hapa tuko darasani, na mkojo tutauita mkojo.

Mavi siyo taka kubwa

Ukiwauliza watu taka ya mwili ni nini, wengi watajibu upesi: ni mavi. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu.

Fikiri juu ya ganda la punje ya hindi. Umelila, limepita kinywani, tumboni, katika utumbo, halafu limetoka. Halikuingia katika damu yako hata kidogo. Limepita kama msafiri anayepita barabara ya kijiji bila kuingia nyumba yo yote. Sehemu kubwa ya mavi ni mabaki ya namna hiyo, pamoja na vijidudu vinavyoishi katika utumbo. Takamwili hasa ni zile zilizotengenezwa ndani ya mwili wenyewe, zikaingia katika damu.

Hata hivyo, mavi nayo hubeba takamwili kidogo. Ile rangi yake ya kahawia inatokana na damu iliyozeeka. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa. Ini huchukua mabaki yake na kuyatia katika nyongo, na nyongo humwagika katika utumbo. Njia hiyo ikiziba, au ini likiugua, taka hiyo hubaki katika damu. Macho hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na mara nyingine choo huwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Ukiona hivyo, nenda hospitali. Usingoje.

Moshi wa mwili

Taka ya kwanza ni hewa. Jina lake ni kabonidayoksaidi. Wengine huiita hewa ya ukaa. Damu huibeba kutoka mwilini kote na kuipeleka kwenye mapafu, nasi tunaitoa kwa kupumua. Katika kila mafungu 100 ya hewa unayoitoa puani, kama mafungu 4 ni hewa hiyo. Hewa unayoivuta haina hata fungu moja.

Unaweza kuiona kwa macho. Koroga kijiko cha chokaa mpya ya kupaka nyumba katika chupa ya maji safi. Iache itulie mpaka kesho yake. Mimina yale maji maangavu ya juu katika bilauri. Kata bua la jani la mpapai, lile lenye tundu katikati, ulioshe mpaka utomvu uishe, kisha utumie kupuliza ndani ya maji hayo. Puliza tu, usivute, maana maji ya chokaa huunguza. Baada ya muda maji yatakuwa meupe kama maziwa. Hiyo ni kazi ya kabonidayoksaidi iliyotoka kifuani mwako.

Ngozi nayo hutoa chumvi na taka kidogo pamoja na jasho. Nasema kidogo, kwa sababu wako watu wanaoamini kwamba kutoka jasho jingi kunasafisha damu. Sivyo. Kazi kubwa ya jasho ni kupoza mwili. Kazi ya kusafisha damu ina wenyewe.

Figo

Wenyewe ni figo. Ziko mbili, nyuma mgongoni, usawa wa mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kila moja ni kubwa kama ngumi yako na ina umbo la harage. Kama umewahi kuchuna mbuzi, umeziona za mbuzi. Zako hazina tofauti kubwa.

Ukila maharage, dagaa, nyama au maziwa, mwili hupata protini ya kujenga nyama yake. Protini inayobaki haiwekwi akiba. Ini huivunja, na mabaki yake huwa taka iitwayo yurea. Damu huipeleka yurea kwenye figo.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kama milioni moja. Vichujio hivi hufanya kazi kama mama mwenye ghala anayependa usafi. Hafagii kandokando ya magunia. Anatoa vyote nje, anafagia, kisha anarudisha ndani vile vinavyofaa. Figo huchuja kama lita 180 za maji kutoka katika damu kila siku. Hizo ni ndoo kubwa 9 za lita 20. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5 tu, basi ni damu ile ile inayopita tena na tena, mchana na usiku. Karibu maji yote hurudishwa katika damu, pamoja na sukari na chumvi inayohitajika. Kinachobaki ni lita moja au mbili. Huo ndio mkojo, nao huteremka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu.

Kwa hiyo mkojo ni barua inayotoka ndani ya mwili, na wewe sasa unajua kusoma. Mkojo wa manjano hafifu unaonyesha kwamba maji yanatosha. Mkojo wa manjano mzito na wenye harufu kali, hasa baada ya kushinda shambani juani, unasema: kunywa maji. Mtu anayetumia dawa za kifua kikuu anaweza kuona mkojo wa rangi ya chungwa. Asiogope na asiache dawa. Ni rangi ya dawa tu. Mtoto mdogo anayeharisha, akikaa saa 6 bila kukojoa, amekaukiwa maji. Huyo apelekwe zahanati mara moja, na njiani aendelee kunyweshwa maji yenye dawa ya chumvi na sukari.

Ubaya wa figo ni upole wao. Jino likioza, linakuamsha usiku. Figo zinaweza kuharibika zaidi ya nusu bila kuuma hata kidogo. Dalili huja baadaye: uso na miguu kuvimba, kuchoka, kichefuchefu, mwili kuwasha. Wakati huo kazi ya kuzitibu ni ngumu. Magonjwa mawili yanayoongoza katika kuziharibu ni shinikizo la damu na kisukari, na yote mawili hujulikana kwa kupimwa tu. Vitu vingine vinavyoziumiza ni dawa za maumivu zinazomezwa kila siku kwa miezi mingi bila kumwuliza mganga, pamoja na baadhi ya dawa za mizizi ambazo kipimo chake hakijulikani. Sisemi dawa zote za miti ni mbaya. Nasema figo ndizo zinazobeba mzigo wa kila unachokimeza.

Zamani figo zote mbili zikifa, mgonjwa naye alikufa. Mwaka 1943, katika nchi ya Uholanzi, wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Willem Kolff alitengeneza mashine ya kwanza ya kuchuja damu ya mtu. Vifaa vilikuwa haba kwa sababu ya vita, hivyo alitumia ile karatasi nyembamba ya kufungia soseji iwe kichujio. Siku hizi mashine bora zaidi ziko katika hospitali kubwa za Afrika Mashariki. Mgonjwa hulazwa kwenye mashine kama saa 4, mara tatu kila juma, maisha yake yote, isipokuwa akipata figo ya mtu mwingine. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Hebu pima: kazi inayofanywa na vitu viwili vyenye ukubwa wa ngumi inahitaji mashine kubwa, umeme, maji mengi na fedha nyingi. Kikombe cha maji na kipimo cha shinikizo la damu ni rahisi zaidi.

Adui wa njia ya mkojo

Wengi wetu tunaishi karibu na mito, malambo, majaruba ya mpunga au ziwa. Basi hatuwezi kuacha kusema juu ya kichocho.

Mahali pengine watu waliona vijana wa kiume wakikojoa damu, wakadhani ni dalili ya kubalehe. Ni ugonjwa, na unaletwa na minyoo. Daktari mmoja Mjerumani, Theodor Bilharz, aliiona minyoo hiyo huko Cairo, Misri, mwaka 1851. Ndiyo maana ugonjwa huo huitwa pia bilhazia.

Minyoo hiyo hukaa katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, na hutaga mayai. Kila yai lina mwiba. Mayai hupenya ukuta wa kibofu na kuujeruhi, ndiyo sababu damu hutoka, hasa mwishoni mwa kukojoa. Mtu huyo akikojoa majini, mayai hupasuka. Vinavyotoka humo huingia katika konokono wa majini, huongezeka huko, kisha hutoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Anayeoga, anayefua, anayevua samaki au anayepanda mpunga hupenywa bila kuhisi. Iko namna nyingine ya kichocho, iliyo nyingi sana kandokando ya Ziwa Viktoria, ambayo hukaa kwenye mishipa ya utumbo na mayai yake hutoka katika mavi.

Kichocho kikiachwa miaka mingi, kibofu hujaa makovu, mirija huziba, mkojo hurudi nyuma na kuharibu figo. Mara nyingine huleta saratani ya kibofu. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli, nayo hupimwa kwa uzito au urefu wa mtu. Lakini anayemeza dawa leo na kurudi kesho katika maji yale yale atapata minyoo mipya. Konokono wenyewe hawazai kichocho. Wanakipata kwetu. Kijiji ambacho hakuna mtu anayekojoa wala kujisaidia majini, konokono wake hawana cha kuwapa watu.

Kuku hakojoi

Umefuga kuku miaka yote. Je, umewahi kumwona akikojoa? Hakojoi, wala hana kibofu. Lakini figo anazo. Tazama kinyesi chake: kuna sehemu nyeusi au ya kahawia, na juu yake kuna kofia nyeupe kama chokaa. Sehemu nyeusi ni mabaki ya chakula. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Ndege hutoa taka yake ikiwa nzito kama uji mkavu ili asipoteze maji.

Sababu nyingine imo katika yai. Kifaranga hukaa ndani ya ganda siku 21. Hana dirisha la kumwagia taka. Kama angekojoa kama sisi, angekufa ndani ya mkojo wake. Taka ile nyeupe haiyeyuki kwa urahisi katika maji, hivyo haimdhuru. Kifaranga akishatoka, angalia utando uliobaki ndani ya ganda. Mara nyingi utauona uchafu huo mweupe.

Mkulima anapaswa kuijua kofia hiyo nyeupe. Ndiyo inayofanya mbolea ya kuku kuwa kali. Ukiiweka mbichi kwenye shina la mchicha, mchicha utaungua. Ioze kwanza. Na ile harufu inayowasha macho ndani ya banda ni amonia, yaani mbolea yako inayoruka hewani. Tandaza maranda au majani makavu chini, yatainyonya. Kadhalika mkojo wa ng'ombe. Watu huzoa samadi na kuuacha mkojo upotee ardhini, kumbe nao una chakula kingi cha mimea.

Samaki hana shida ya maji. Yeye hutoa amonia moja kwa moja kupitia matamvua yake, na maji huichukua. Ziwani haina neno. Lakini katika bwawa dogo lenye samaki wengi na chakula kingi, amonia hujaa na samaki hufa kwa sumu. Ukichimba bwawa, usipande samaki kupita kipimo ulichopewa na bwana samaki, hata kama vifaranga vimepatikana bure.

Chura ndiye ananishangaza zaidi. Akiwa kiluwiluwi majini, hutoa amonia kama samaki. Akiota miguu na kutoka nchi kavu, mwili wake hugeuza kazi na kuanza kutoa yurea kama sisi. Mnyama mmoja, njia mbili.

Na mti je?

Katika darasa moja la kisomo, mzee mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mti unakula na kunywa. Unakwenda choo wapi?" Darasa zima lilicheka, lakini swali lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa.

Mti hauna figo kwa sababu hauna haja nazo. Haukimbii, wala hauli nyama. Unajitengenezea chakula chake kwa mwanga wa jua, kiasi unachokihitaji, na mabaki mengi huyatumia tena. Mchana majani hunywa kabonidayoksaidi, ile taka ya kifua chako, na kutoa hewa safi ya oksijeni. Kwa mti, oksijeni inayozidi ni taka. Kwako ni uhai. Usiku hakuna jua, hivyo mti hupumua kama sisi na kutoa kabonidayoksaidi. Kwa sababu hiyo wengine hukataza kulala chini ya mti usiku. Hewa hiyo ni kidogo sana, haiwezi kukudhuru. Ogopa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hilo hutoa hewa nyingine, isiyo na harufu, na imeua watu wengi usingizini.

Maji ya ziada hutoka katika vitundu vidogo vya majani. Funga mfuko wa plastiki unaoona ndani kwenye tawi lenye majani mabichi, juani. Baada ya saa chache utaona matone. Alfajiri, tazama ncha za majani ya mahindi machanga au magimbi. Matone yaliyopangwa pembeni mwa jani mara nyingi siyo umande. Jani lenyewe limeyasukuma nje.

Taka nyingine mti huzihifadhi mahali ambapo haziudhuru. Kabla ya kuangusha jani, mti hunyonya kwanza vitu vyenye faida kutoka humo. Ndiyo maana jani hugeuka manjano. Kisha huliacha lidondoke na taka zilizobaki. Mpingo hujaza vitu vyake katika mti wa ndani uliokwisha kufa, na sehemu hiyo huwa nyeusi na ngumu. Sehemu ya nje iliyo hai ni nyeupe. Wachongaji wa Kimakonde hutafuta ule moyo mweusi. Pwani, katika mikoko, uko mti uitwao mchu. Unakunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kwenye majani yake. Lamba jani lake siku ambayo mvua haijanyesha, utaionja.

Gimbi huhifadhi taka kama sindano ndogo sana ndani ya majani na mizizi. Likilwa bila kuiva vizuri, koo huwasha. Hapa wataalamu wamebadili mawazo. Zamani waliita vitu kama sindano hizo, utomvu wa mnyaa na uchungu wa mwarobaini kuwa ni taka tu. Sasa wameona kwamba mingi ya mimea hii inavitumia kama silaha dhidi ya wadudu na wanyama. Mzee aliyeuliza aliposikia hivyo alisema kwamba mti una akili ya kutupa takataka zake mlangoni ili mwizi ajikwae.

Maswali na kazi ya darasa

1. Kwa nini ganda la hindi linalotoka katika choo haliitwi takamwili?

2. Ni sehemu gani ya kinyesi cha kuku iliyo mkojo?

3. Katika kijiji chenu, watu huogea, hufulia na kuchotea maji wapi? Je, wapo wanaokojoa hapo? Zungumzeni mnaweza kufanya nini.

4. Ni wangapi darasani waliopimwa shinikizo la damu mwaka huu?

5. Fanyeni lile jaribio la maji ya chokaa. Kisha andika mistari mitano ukieleza ulichokiona.